Vijia vya potasiamu mapafuni: vifunguliwe, vizibwe, au kinga itangulie?

Kauli tatu kuhusu potasiamu na mapafu husikika mara kwa mara, na hazipatani. Ya kwanza husema ndizi zina potasiamu nyingi, potasiamu hulainisha kifua, basi mwenye pumu ale ndizi. Ya pili husema salbutamoli, dawa iliyomo kwenye inhela ya pumu, hushusha potasiamu, basi inhela ni ya kuogopwa. Ya tatu hutoka kwenye habari za sayansi: watafiti wanachunguza dawa za kufungua au kuziba vijia vya potasiamu vilivyomo mapafuni, basi tiba mpya ya pumu na makohozi sugu iko njiani. Anayezisikia zote tatu ana haki ya kuuliza: potasiamu ni rafiki wa mapafu au ni adui?

Katika Wilaya ya Kyela nchini Tanzania, na ukanda wote wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, swali hili lina uzito. Kuni ndizo nishati ya jikoni katika nyumba nyingi. Nimonia ya watoto ipo, kifua kikuu kipo, pumu ipo, na mgonjwa anayezidiwa huenda akalazimika kusafirishwa zaidi ya kilomita 100 kupanda hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Mzazi anayemnyima mtoto inhela kwa kuogopa potasiamu, au mzee anayeacha dawa kwa kutegemea ndizi, anaweka pumzi rehani.

Nyuma ya kauli hizo kuna elimu ya kweli, iliyojengwa kwa zaidi ya miaka 70, na kuna mvutano wa kweli kati ya wanaotaka vijia hivyo vifunguliwe, wanaotaka vizibwe, na wanaoona fedha na juhudi zielekezwe kwanza kwenye kinga. Kila upande una hoja nzito na una mapungufu yake.

Potasiamu ya sahani na potasiamu ya seli

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Ndizi moja ya wastani ina takriban miligramu 400 za potasiamu, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku. Kwa Kyela na Rungwe, ambako ndizi, maharage na mboga za majani ni chakula cha kila siku, kiasi hicho kinafikika bila vidonge vyovyote. Mlo wa namna hiyo ni mzuri kwa shinikizo la damu na kwa misuli.

Hata hivyo, chakula hakiamuru vijia vya mapafu. Potasiamu nyingi mwilini imo ndani ya seli, ambako kiwango chake ni takriban milimoli 140 kwa lita. Katika damu ni milimoli 3.5 hadi 5 tu, na figo hulinda kiwango hicho usiku na mchana. Ukila ndizi mbili zaidi, figo hutoa ziada kwenye mkojo na seli za mapafu haziambulii kitu kipya. Kwa mtu ambaye figo zimeshindwa kazi, potasiamu ikipanda kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Kwa hiyo ushauri wa "kula potasiamu kwa ajili ya kifua" haumsaidii mwenye figo nzima, na unaweza kumdhuru mwenye figo mbovu.

Kauli ya pili ina ukweli ndani yake. Salbutamoli hulegeza misuli iliyozunguka mirija ya hewa, na wakati huohuo huichochea pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye misuli ya mwili. Pampu hiyo huingiza potasiamu ndani ya seli, nayo ya kwenye damu hushuka. Potasiamu imehama tu, haijapotea. Ndiyo maana madaktari huitumia salbutamoli ya mvuke, kwa vipimo vikubwa, kumtibu mgonjwa ambaye potasiamu yake imepanda mno. Mikupuo ya kawaida ya inhela haileti hatari hiyo kwa mgonjwa wa kawaida. Uangalifu unahitajika kwa aliyelazwa na kupewa dawa ya mvuke tena na tena, hasa kama pia anaharisha, anatumia dawa za kukojoza au anapewa steroidi kwa wingi. Huyo apimwe damu, na inhela isitupwe.

Kilichobaki ni kauli ya tatu, ile ya vijia vyenyewe.

Utando wa mapafu na umeme wake

Mapafu yamefunikwa ndani kwa utando mwembamba wa seli zilizoshikana, ambao wanabiolojia huuita epithelia. Utando huo una kazi mbili zinazoonekana kupingana. Kwenye mirija ya hewa unatakiwa uwe na unyevu: juu yake kuna tabaka la maji lenye kina cha takriban mikromita 7, ambamo vinyweleo vidogo hupiga kasia mara kadhaa kwa sekunde na kusukuma ute wenye vumbi na vidudu kuelekea kooni. Tabaka likikauka, ute hunata na vidudu hupata makao. Chini kabisa, kwenye mamia ya mamilioni ya vifuko vya hewa, utando unatakiwa uwe karibu mkavu, kwa kuwa maji yakijaa humo oksijeni haivuki kuingia kwenye damu.

Utando huendesha kazi hizo mbili kwa kuhamisha chumvi. Maji hufuata chumvi iendako. Mdenmark Hans Ussing aliweka msingi wa kuipima safari hiyo mwaka 1951, alipotumia ngozi ya chura kuonyesha kwamba umeme unaopita kwenye utando ni chumvi inayosukumwa na seli hai. Mwaka 1957 Jens Christian Skou, naye wa Denmark, aliitambua pampu inayotoa sodiamu tatu nje ya seli na kuingiza potasiamu mbili kila inapozunguka. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon wa Marekani alionyesha umbo la kijia cha potasiamu, protini yenye tundu linaloruhusu mamilioni ya ioni za potasiamu kupita kwa sekunde huku likiizuia sodiamu, ingawa sodiamu ni ndogo zaidi. Skou na MacKinnon walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hizo, mmoja mwaka 1997 na mwingine mwaka 2003.

Ndani ya seli ya utando mambo huenda hivi. Pampu, iliyo upande wa damu, hujaza potasiamu ndani. Potasiamu hutoka tena polepole kupitia vijia vyake, vingi vikiwa upande huohuo wa damu. Kila ioni inayotoka huondoka na chaji chanya na kuiacha seli ikiwa hasi ndani. Hali hiyo ya kuwa hasi ndiyo nguvu yenyewe. Kwenye upande wa hewa kuna njia mbili zinazoitegemea: CFTR, inayopitisha kloridi kwenda nje, na ENaC, inayoingiza sodiamu ndani. Kloridi ikitoka, maji huifuata na utando hulowa. Sodiamu ikiingia, maji huifuata pia na utando hukauka.

Mto Kiwira hushuka kutoka milima ya Rungwe hadi tambarare ya Kyela kabla ya kuingia ziwani. Mteremko huyapa maji nguvu ya kwenda; jaruba lipi la mpunga litapata maji huamuliwa na mkulima anayefungua mfereji huu na kuziba ule. Vijia vya potasiamu ni mteremko, na CFTR na ENaC ni mifereji. Anayeuliza kama potasiamu hulowesha mapafu au huyakausha anauliza mteremko umwagilie shamba la nani.

Vijia hivyo ni vya aina nyingi. Binadamu ana jeni zaidi ya 70 za vijia vya potasiamu, na aina kadhaa wa kadhaa zimeonekana kwenye utando wa mapafu. Nne zinatosha kwa mjadala huu. KCNQ1, ikishirikiana na KCNE3, huitikia ishara za homoni kama adrenalini. KCNN4 huitikia kalisiamu inapopanda ndani ya seli. BK iko zaidi upande wa hewa na husaidia kulinda kina cha tabaka la maji. Ya nne, KATP, huitikia hali ya nishati ya seli.

Nguvu moja, mielekeo miwili

Ushahidi kwamba nguvu ni moja na mwelekeo ni jambo jingine unaonekana tangu kabla ya kuzaliwa. Mtoto akiwa tumboni, mapafu yake hutoa maji: kloridi hutoka, maji hufuata, na maji hayo huyakuza mapafu. Uchungu unapoanza, adrenalini hupanda na utando hugeuka kuwa mnyonyaji wa sodiamu. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila sehemu kuu ya ENaC walikufa ndani ya saa 40 hivi, mapafu yao yakiwa yamejaa maji. Vijia vyao vya potasiamu vilikuwepo. Mfereji wa kunyonya haukuwepo.

Mfano wa pili uko kwenye utumbo, na watu wa Kyela wanaufahamu kwa uchungu, kwa kuwa mwambao wa Ziwa Nyasa umepigwa na kipindupindu mara nyingi. Sumu ya kipindupindu huifungua CFTR ya utumbo na kuiacha wazi. KCNQ1 na KCNE3, vijia vilevile vilivyomo mapafuni, huendelea kutoa nguvu, na maji humwagika kwa lita. Mgonjwa hudhoofika kwa sababu ya mwelekeo uliopotoshwa, huku nguvu ikifanya kazi yake ya kila siku.

Mfano wa tatu ni ugonjwa wa kurithi wa sistiki fibrosisi, ambao jeni yake, ile ya CFTR, ilitambuliwa mwaka 1989. Mfereji wa kloridi ukiharibika, tabaka la maji hukauka, ute hunata na vidudu huhamia. Hapa pia vijia vya potasiamu vipo na havitoshi.

Kwa msingi huu tunaweza kuzipima hoja tatu zinazoshindana.

Hoja ya kwanza: vijia vifunguliwe

Wanaoshika hoja hii wanaangalia magonjwa ya ute mzito: sistiki fibrosisi, kikohozi sugu cha wavutaji sigara, na mirija iliyotanuka na kuharibika baada ya kifua kikuu. Wanasema hata kama CFTR imedhoofika, kuna njia nyingine ya kloridi inayoitikia kalisiamu. Ukiongeza nguvu kwa kufungua vijia vya potasiamu, kloridi itatoka kupitia njia hiyo na maji yatarudi.

Ubora wa hoja ni kwamba inagusa kiini cha tatizo, ukavu, na imeungwa mkono na majaribio ya maabara. Seli za mirija ya hewa za binadamu zikipunguziwa BK, tabaka la maji hupungua kina. Moshi wa sigara umeonyeshwa kudhoofisha CFTR, na ishara za uvimbe zinazoambatana na moshi hupunguza pia kazi ya BK. Zaidi ya hayo, kufungua KCNQ1 au KATP kumeharakisha seli za utando kusogea na kuziba kidonda katika majaribio ya maabara. Vijia hivi basi vina sehemu katika ukarabati pia.

Upungufu wake unaonekana kwa binadamu mzima. Denufosoli, dawa ya mvuke iliyopandisha kalisiamu kwenye seli za utando, ilitarajiwa kufungua njia ya pili ya kloridi pamoja na KCNN4. Jaribio lake kubwa la mwisho kwa wagonjwa wa sistiki fibrosisi lilishindwa mwaka 2011, na dawa ikaachwa. Tatizo la pili ni kwamba vijia hivi viko kote mwilini. KCNQ1 iko pia kwenye moyo, na hitilafu zake za kurithi huleta mapigo ya moyo yanayoweza kuua ghafla. Tatizo la tatu linatokana na hesabu yenyewe ya umeme: ukiongeza nguvu pale ambapo ENaC ndiyo inayotawala, sodiamu nyingi zaidi itaingia, na mirija uliyokusudia kuilowesha itazidi kukauka.

Hoja ya pili: vijia vizibwe

Kundi la pili linaangalia uvimbe, makovu na maji yaliyojaa vifukoni. Macho yao yako kwa KCNN4. Kijia hiki kina historia ndefu: mwaka 1958 György Gárdos wa Hungaria aliona chembe nyekundu za damu zikipoteza potasiamu kalisiamu inapoingia ndani yake, na jeni yake ikapatikana mwaka 1997. Kiko kwenye utando wa mapafu, kwenye chembe nyekundu, na kwenye seli kadhaa za kinga zinazochochea pumu. Ukikiziba, wanasema, unapunguza uvimbe na maji kwa pigo moja.

Ubora wa hoja ni kwamba dawa ipo na imejaribiwa kwa watu. Senikapoki ilitengenezwa kwa ajili ya selimundu, ugonjwa unaoigusa sana Tanzania, ambako watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Chembe inayopoteza potasiamu hupoteza na maji, na chembe iliyokauka hujikunja kuwa mundu kwa urahisi zaidi. Kwenye majaribio dawa ilifanya kile ilichotakiwa kufanya ndani ya chembe: uharibifu wa chembe ulipungua na kiwango cha damu kilipanda.

Upungufu ni kwamba maumivu ya wagonjwa hayakupungua, na jaribio likasimamishwa. Ilipohamishiwa kwenye pumu matokeo yalikuwa mchanganyiko, na haikufika kuwa tiba. Nchini Denmark ilijaribiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni. Haikuboresha oksijeni yao. Aidha, kijia kinachozibwa ili kupunguza uvimbe ndicho kinachohitajika kusukuma maji yanayolowesha ute. Hivyo kwa mgonjwa mmoja mwenye uvimbe na makohozi kwa pamoja, kama wengi waliopona kifua kikuu, dawa hiyohiyo inaweza kusaidia upande mmoja na kuumiza mwingine.

Jaribio jingine, la kuongeza unyonyaji wa maji badala ya kuziba kitu, linastahili kutajwa hapa kwa sababu lilifundisha somo kali. Salbutamoli huchochea ENaC na pampu kwenye vifuko vya hewa, na kwa nadharia ingeyakausha mapafu yaliyojaa maji kwa majeraha makubwa. Uingereza iliijaribu kwa kuiingiza kwenye mshipa katika jaribio la BALTI-2, lililochapishwa mwaka 2012. Lilisimamishwa mapema: ndani ya siku 28, waliopewa dawa walikufa kwa asilimia 34, na wale wasiopewa kwa asilimia 23. Moyo ulitaabika kwa dawa, na huenda utando uliochanika haukuweza kunyonya hata ulipohimizwa.

Hoja ya tatu: kinga itangulie

Kundi la tatu linasema mjadala wa vijia ni wa nchi zenye maabara, na Kyela inahitaji kinga. Punguza moshi, chanja watoto, gundua kifua kikuu mapema, acha sigara. Hoja hii ina nguvu kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya nimokokasi, bakteria mkuu wa nimonia, kwenye ratiba ya watoto mwanzoni mwa 2013. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kinga pia haibagui: humfikia mwenye pumu, mjamzito na mtoto wa jirani kwa wakati mmoja.

Lakini hata hoja hii ina doa, na doa lenyewe liko jirani, ng'ambo ya Mto Songwe. Wilaya ya Karonga nchini Malawi, inayopakana na Kyela, ilikuwa moja ya maeneo mawili ya utafiti mkubwa wa majiko na nimonia uitwao CAPS. Watoto wadogo zaidi ya 10,000 kwenye jamii 150 walihusika. Nusu ya jamii zilipewa majiko ya kuni yenye feni yanayotoa moshi mdogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nimonia haikupungua. Wapo waliosema majiko hayo hayakutosha, kwa kuwa moshi wa jirani, wa takataka na wa tumbaku uliendelea. Utafiti uitwao HAPIN, uliofanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda, ulikwenda mbali zaidi na kuwapa watu gesi. Moshi ulipungua sana, na bado nimonia kali ya watoto wachanga haikupungua kwa kiasi cha kuaminika.

Somo hapa ni la kiasi. Moshi unaumiza mapafu kwa njia nyingi na kwa miaka mingi, kwa hiyo kuupunguza kuna maana. Anayeahidi kwamba jiko jipya pekee litaondoa nimonia anaahidi kisichothibitishwa. Chanjo, lishe, antibiotiki kwa wakati na oksijeni lazima viwepo pamoja na jiko.

Kuzipima hoja pamoja

Tukizilinganisha, kunajitokeza masharti matatu ambayo utando wa mapafu unayahitaji kwa pamoja: nguvu, mwelekeo, na uzima wa utando wenyewe. Vijia vya potasiamu hutoa nguvu. CFTR na ENaC huamua mwelekeo. Uzima hutegemea yaliyoupata utando: moshi, vidudu, makovu, majeraha. Tiba inayosahau lolote kati ya hayo hushindwa, na historia iliyosimuliwa hapo juu inalingana na kanuni hiyo. BALTI-2 iliongeza nguvu na mwelekeo kwenye utando uliokwisha kuchanika. Senikapoki ilipunguza nguvu mahali pengi kwa mkupuo.

Mafanikio nayo yanasomeka kwa kanuni ileile. Dawa zilizobadilisha maisha ya wagonjwa wengi wa sistiki fibrosisi, kuanzia ivakafta mwaka 2012 hadi mchanganyiko wa dawa tatu ulioidhinishwa Marekani mwaka 2019, ziliurekebisha mfereji wenyewe wa kloridi na kuiacha nguvu ya potasiamu ifanye kazi yake. Maji ya chumvi ya asilimia 7 yanayovutwa kama mvuke, yaliyojaribiwa Australia na kuchapishwa mwaka 2006, yalipunguza vipindi vya kuzidiwa kwa wagonjwa hao kwa kuyavuta maji moja kwa moja bila kugusa kijia chochote. Na ORS, maji ya chumvi na sukari ya kunywa, inayookoa wagonjwa wa kipindupindu mwambao mzima wa ziwa hili, haifungui wala haizibi vijia vya potasiamu: hutumia njia nyingine, ile inayoingiza sodiamu na sukari kwa pamoja, ambayo sumu ya kipindupindu haiiharibu. Ndani yake mna potasiamu pia, milimoli 20 kwa lita, kurudisha ile iliyopotea.

ORS ndiyo jibu bora kwa anayedai kwamba elimu ya vijia ni anasa kwa Kyela. Pakiti ile ya bei ndogo ilitokana na watu waliouliza kwa subira chumvi hupitia wapi kwenye utando wa utumbo. Kuelewa utando kulileta tiba rahisi ambayo zahanati yoyote inaweza kuitoa. Mapafu bado hayajapata ORS yake, na huenda yakaipata kwa njia hiyohiyo: kutafuta njia ambayo ugonjwa haujaiharibu.

Kwa mizani hii, mpangilio wa kipaumbele unaofaa ukanda wa Kyela unaonekana wazi. La kwanza ni kulinda uzima wa utando, kwa sababu hakuna dawa ya vijia inayoweza kuufidia: chanjo kamili, kifua kikuu kugunduliwa na kutibiwa mapema, moshi kupunguzwa, tumbaku kuachwa. La pili ni kutumia vizuri vilivyopo. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kiwepo kwenye kila zahanati, na mtoto mwenye oksijeni chini ya asilimia 90 apewe oksijeni bila kungoja safari ya Mbeya. Mwenye pumu asiachwe na salbutamoli peke yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasisitiza steroidi ya kuvuta, inayotuliza uvimbe, na ukosefu wa dawa hiyo ni hatari kubwa kuliko potasiamu kushuka kidogo.

La tatu ni utafiti wa hapa nyumbani. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kimeshiriki katika utafiti wa TB Sequel, pamoja na vituo vya Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, unaofuatilia hali ya wagonjwa wa kifua kikuu na mapafu yao hata baada ya kutibiwa. Baadhi ya wagonjwa hao hubaki na mirija iliyoharibika na ute usiotoka. Utando wao, uliopitia kifua kikuu na moshi wa kuni kwa pamoja, haufanani na ule wa mgonjwa wa sistiki fibrosisi wa Ulaya, na dawa za vijia zilizobuniwa kwa mmoja haziwezi kudhaniwa kumfaa mwingine. Hata maji ya chumvi, yaliyo rahisi, yanaweza kubana mirija ya mwenye pumu, kwa hiyo hayafai kujaribiwa nyumbani bila mtaalamu.

Muhtasari

Potasiamu ya ndizi ni chakula kizuri na haifungui kijia chochote cha mapafu. Salbutamoli huhamisha potasiamu kutoka kwenye damu kwenda kwenye seli. Jambo hilo linadai uangalifu hospitalini na halihalalishi kuiacha inhela. Vijia vya potasiamu vyenyewe ni chanzo cha nguvu ambayo utando wa mapafu huitumia kulowesha mirija na kukausha vifuko, na kwa kuwa nguvu hiyo hutumika pande zote mbili, kuvifungua au kuviziba bila kujua mwelekeo ni kubahatisha.

Wanaotaka vifunguliwe wana maabara upande wao na bado hawana jaribio la binadamu lililofaulu. Wanaotaka vizibwe wana dawa mkononi, na dawa hiyo imeshindwa mara kadhaa kumnufaisha mgonjwa. Wanaotanguliza kinga wana hoja pana na ya haki zaidi, mradi wasiahidi kupita ushahidi wa Karonga. Uamuzi unaosimama ni huu: kinga na huduma za msingi zitangulie kwa sababu zinalinda utando ambao kila tiba inautegemea, dawa za vijia zibaki kuwa wasaidizi wa dawa zinazoelekeza chumvi, na Tanzania iwekeze kwenye elimu ya utando wa mapafu, kwa kuwa kifua kikuu, selimundu na moshi wa kuni vinakutana kwenye mapafu ya watu wake, na majibu yao hayataletwa kamili kutoka kwingine.